Mwosha Vyombo na Kifuniko cha Bakuli la Supu

Ukimwalika Kigae nyumbani kwako, mpe sahani kabla hujapakua. Mwache aigeuze, asome kitako chake, aigonge ukingoni kwa ukucha wa kidole gumba, asikilize mlio, kisha akurudishie. Ndipo umtilie chakula. Ukijitia una haraka ukampa sahani yenye mchuzi, shauri yako. Kuna harusi moja aliinua sahani juu ya uso wake ili asome mhuri wa chini, na mchuzi wote ukamshukia shemeji wa bwana harusi kwenye suti ya kuazima. Wapo wanaosema aliyemwagikiwa ni baba mdogo wa bwana harusi. Waongo hao. Mimi nilikaa kiti cha pili, na suti nilikuwa nimemwazima mimi.

Kigae ni mwanamke mfupi, miaka sitini na ushee, mikono yake imekwajuka kwa sabuni kama nguo iliyofuliwa kupita kiasi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mwosha vyombo wa hoteli kubwa, ile ya wageni wenye kofia. Sasa anaishi na mumewe katika vyumba viwili na sebule, ila sebule yenyewe si ya binadamu. Mume ni seremala, na amempigia rafu kutoka sakafuni hadi darini, kuta tatu. Huko kuna mitungi ya udongo iliyopasuka mdomo, chupa za kijani zenye viputo ndani ya kioo, bilauri nzito ambazo ukimrushia mtu utaitwa mahakamani, na vikombe visivyo na mikono. Mgeni akija hukaa uani.

"Nilioa mke mmoja," mume huwaambia wateja wake, "leo nalala na wake mia na hamsini, na wote nikiwagusa napigiwa kelele."

"Wewe hata huyo mmoja amekushinda," Kigae humjibu kutoka ndani.

Rafu ya katikati ndiyo roho yake. Hapo vimekaa vyombo vya hoteli, kauri nyeupe nyembamba, kila kimoja na ndege wa bluu juu ya tawi na mstari wa dhahabu ukingoni. Ukikiinua juani unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Seti nzima ilikuwa ya walaji ishirini na wanne, na Kigae aliijua kwa idadi kama mama anavyojua meno ya mwanawe. Hoteli ilipopata mwenyewe mpya, alitaka sahani nene za kisasa, akaamuru hizi zitolewe kwa yeyote mwenye mfuko. Zikatawanyika mji mzima. Mwaka huohuo Kigae alikuwa amestaafu, akaanza kuzikusanya.

Miaka kumi na tisa sasa. Sahani moja aliitoa kwenye banda la kuku, kuku wakimfukuza. Bakuli dogo alilikuta kwa kinyozi, limejaa povu la kunyolea ndevu, akakaa kwenye kiti cha kinyozi saa nzima mpaka kinyozi akachoka naye. Humpa mtu sahani mbili mpya kwa moja kongwe, na watu humcheka wakidhani wamempata. Akifika nazo nyumbani hutandika taulo ndani ya beseni, hutia maji ya uvuguvugu, huosha kimoja kimoja. Sabuni ya unga haigusi ile dhahabu. Dawa ya kung'arishia ndiyo kabisa, maana huingia kwenye nyufa ikala chombo kutoka ndani.

Bakuli kubwa la supu, lile lenye masikio mawili, alilipata mwaka wa sita. Lilikuwa halina kifuniko. Na hapo ndipo penyewe, maana Kigae hakuwa akitafuta vyombo tu. Alikuwa akitafuta jina lake.

Jikoni pa hoteli ile palikuwa na sheria moja. Ukivunja chombo, unaokota vigae vyote, unampelekea mtunza stoo, anavipanga mezani mpaka aone vimetimia. Vikitimia umesamehewa, ajali kazini. Visipotimia, wewe hukuvunja, wewe umeiba. Sheria nzuri, na aliyeitunga hakuwa mjinga.

Siku moja, mwaka wa kumi na tano wa kazi yake, Kigae alitia kifuniko cha bakuli lile kwenye sinki la maji ya moto, akashika kirungu cha juu, kile cha kuinulia, ili akisugue, na kirungu kikang'oka mkononi mwake kama jino bovu. Hakuhisi kugonga popote. Kifuniko chenyewe kilikuwa kizima. Akakiweka kwenye rafu ya kukaushia, akakimbia na kirungu mkononi kwenda stoo, kama sheria inavyosema. Mtunza Stoo akakitazama, akasema, "Nenda kamsubiri meneja ofisini kwake, naja." Kigae akaenda, akasubiri. Meneja na Mtunza Stoo walipofika pamoja na yeye kwenye rafu ya kukaushia, kifuniko hakipo. Wakatafuta chini, wakatafuta kwenye mapipa, hakuna.

"Amekivunja akakitupa," alisema Mtunza Stoo. "Au amekipeleka kwake."

Jioni ile mumewe alikinusa kile kirungu mahali kilipobandukia, palipokuwa na ukoko wa kahawia kama asali iliyoungua. "Hii ni gundi yetu sisi maseremala," alisema, "ile ya kuchemsha, ya ngozi na kwato. Maji ya moto yakiipata, inaachia. Mke wangu, hiki kilivunjika zamani, mtu akakibandika akanyamaza." Asubuhi Kigae akaruka na habari hiyo kwa meneja kama amepata uhuru. Mtunza Stoo alikuwa amesimama pale pale. Akauliza taratibu, "Mumeo anafanya kazi gani, mama?"

Basi, ikaisha; gundi ikahesabiwa ya mumewe. Meneja akamsukumia kirungu mezani: "Chukua kigae chako." Hawakumfukuza, kwa sababu hakuna aliyejua kuosha kauri kama yeye, lakini hawakumruhusu tena kuigusa. Miaka kumi na moja iliyobaki aliosha masufuria, masizi mpaka kwenye nyusi. Jina likamganda. Kigae, yule aliyeleta kigae kimoja tu.

Mngemwona baadaye! Wastaafu wa hoteli wana chama chao. Hukutana Jumapili ya mwisho wa mwezi katika chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, wanakunywa chai, wanazikana, wanasengenyana. Mwenyekiti ni nani? Mtunza Stoo, miaka themanini na mbili, shati limenyooshwa mpaka linakata. Kila chai ikija husema, "Vikombe mpeni mtu mwingine, Kigae asishike," na watu hucheka. Na Mpishi Mkuu, mzee mwenye sauti ya ngoma, huongeza, "Mkague na mkoba wake akitoka!" Wengine wangeacha kwenda. Yeye hakukosa hata Jumapili moja. Alikaa kiti cha mbele, uso mkavu, akawaangalia mmoja mmoja akijiambia kwamba mmoja wao anajua. Na kile kirungu alikuwa nacho ndani ya mkoba huohuo wanaoutania, kimefungwa kwa kitambaa. Kila kifuniko kipana cha kauri alichokutana nacho duniani, alikijaribishia.

Sasa sikieni. Jumatano moja akapata habari kwamba binti wa Mtunza Stoo anamhamishia babake kwake, na vitu vya ziada vimetandazwa kwenye mkeka mlangoni, anayetaka achague. Kigae alikwenda kwa ajili ya jagi la kioo alilosikia lipo. Jagi lilikuwepo, lina ufa, mlio wake mfu. Akalirudisha. Kisha akachungulia ndani kupitia mlango uliokuwa wazi, akaona pipa la bati la unga, na juu ya pipa ndege wa bluu.

Mwingine angezirai pale. Lakini Kigae si mtu wa kuzirai, hana muda huo.

"Mwanangu," alimwambia binti, "kile kifuniko pale kwenye unga, naomba nikione."

"Kile si cha kutoa, mama. Cha baba kile. Alipewa zawadi kazini."

"Sitaki kukichukua. Nataka kukiona."

Binti akakileta, akikipangusa unga kwa pindo la nguo. Kilikuwa kizima ukingo wote, dhahabu imefifia upande mmoja, na katikati palipotakiwa kuwa na kirungu palikuwa na kidonda cheupe chenye ukoko wa kahawia. Kigae akafungua mkoba, akafungua kitambaa, akakiweka kirungu juu ya kidonda na kukizungusha polepole. Kikatulia, kikaingia meno kwa meno. Alipokiachia mkono, kilisimama chenyewe.

"Mama!" binti alisema. "Umekitoa wapi hicho?"

"Muulize baba yako. Yuko wapi?"

Alikuwa uani, amekalia stuli, anakagua misumari mizima na iliyopinda na kuitenga katika makopo mawili. Mtunza stoo akistaafu, stoo haimtoki. Alipomwona Kigae ameshika kifuniko na kirungu juu yake, msumari ukamponyoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema, kwa sauti ya mtu aliyemeza ule msumari.

"Nimekuja kukuuliza swali moja. Ni wewe?"

Alitazama binti yake, akatazama makopo. "Karibu ukae kwanza, mama. Tusiongee kama watoto."

"Nitakaa ukinijibu."

Hapo mzee akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akasema Kigae alikuwa mwosha vyombo bora kuliko wote aliowahi kuwaona. Kwamba zamani ni zamani, na wote sasa wazee. Kigae alimsikiliza bila kupepesa macho, na alipoona maneno yanadunda, mzee akasogeza stuli na kushusha sauti.

"Najua unakusanya seti ile. Nasikia una rafu nzima. Kichukue basi. Kichukue leo, kiende kikae na bakuli lake. Tuyaache hapa, mimi na wewe. Nitakufa mwakani au mwaka wa pili, utanifanyia nini?"

Niwaambie ukweli, mimi ningekichukua, ningekichukua nikakimbia hata viatu nikaviacha. Kigae alikipenda kifuniko kile kuliko kitu chochote alichowahi kukishika. Miaka kumi na tatu alikuwa akilifunika lile bakuli kwa kitambaa kama mtu asiye na kofia. Alikishika kwa mikono miwili, akahisi baridi yake, wepesi wake. Kisha akampa binti.

"Kirudishe kwenye unga wako, mwanangu." Akageuka kwa mzee. "Jumapili ni mkutano. Utakileta mwenyewe, kwa mikono yako, na utasema mwenyewe, kwa mdomo wako. Mbele ya wote."

"Na nisipokuja?"

"Nitakuja kukuuliza tena Jumatatu. Na Jumanne. Mimi sina kazi nyingine, mzee."

Akafunga kirungu chake na kuondoka.

Nyumbani mumewe alishika kichwa. "Umekiacha? Kifuniko umekishika, ukakiacha? Mwanamke, leo hii anakitwanga kwenye kinu!"

"Fikiri basi. Nikikitoa mkobani kwangu Jumapili, watasema nini?"

Seremala akaweka randa yake chini.

"Watasema, kumbe alikuwa nacho," alisema Kigae. "Mwizi kajileta mwenyewe. Na wewe na gundi yako utakuwa shahidi wangu, kama mara ile."

"Akikivunja, je?"

Kigae aliingia sebuleni, akatoa bakuli la supu, akaliosha ingawa lilikuwa safi. Alhamisi akaliosha tena. Ijumaa alishindwa kula. Kila alipofumba macho alisikia kauri ikipasuka mahali fulani mjini. Angeweza kurudi; ni mwendo wa nusu saa tu, na mzee angempa kwa furaha. Mara mbili alivaa viatu. Mara mbili alivivua, akavitupia chini ya kitanda mbali, ili safari ya tatu imlazimu kupiga magoti.

Jumapili alikwenda na bakuli ndani ya kikapu, limezungushiwa shuka. Alikaa kiti cha mbele. Chumba kilijaa, watu kama ishirini, harufu ya chai na ya pasi ya fundi cherehani. Kiti cha mwenyekiti kilikuwa kitupu. Mtunza Stoo hakuwa amewahi kuchelewa maishani mwake. Zikapita dakika kumi, ikapita nusu saa.

"Tuanze," alisema Mpishi Mkuu. "Mzee labda anaumwa. Chai! Na Kigae asi..."

Mlango ukafunguliwa. Mzee aliingia na shati lake la kunyooshwa, kifurushi cha gazeti kifuani, na nyuma yake binti, karibu kabisa, kama askari anayesindikiza mfungwa. Baadaye binti alisema njiani mzee alisimama mara nne akidai kiatu kinambana, na mara nne yeye alimvua, akamvika, akamwambia twende. Alisema pia tangu Jumatano alikuwa akilala na kifuniko chini ya mto wake yeye, binti, kwa sababu anamjua babake.

Mtunza Stoo hakukaa. Akafungua gazeti mezani.

"Ndugu wanachama," alianza, "kumetokea dosari katika utunzaji wa kumbukumbu, ambapo chombo kimoja, kutokana na mazingira ya..."

"Mzee," alisema Kigae, hakuinua sauti. "Sema kama tunavyosema jikoni."

Mzee akapumua. Akaweka viganja viwili juu ya meza, kama vile alivyokuwa akipanga vigae vya wengine.

"Nilikivunja mimi," alisema. "Kilinidondoka stoo, kirungu kikakatika. Mimi niliyekuwa nawapa ninyi adhabu. Nikaona aibu. Nikachukua gundi karakana ya hoteli, nikakibandika. Kikakaa miezi saba. Huyu alipokuja na kirungu mkononi, nikajua meneja akitazama kifuniko ataona gundi. Nikamtuma ofisini, nikakificha ndani ya gunia la viazi. Sikuweza kukitupa. Mimi situpi kitu. Huyu mama hakuvunja. Hakuiba. Alifuata sheria kuliko mimi."

Nje, cherehani ya fundi ilikimbia kidogo, ikanyamaza, maana fundi alikuwa amebandika sikio ukutani.

Kigae alikuwa na hotuba. Miaka kumi na moja aliitunga juu ya masufuria, akaisugua mpaka ikang'aa. Ilikuwa na matusi matatu mazuri sana ambayo sitayaandika hapa. Sasa alipoitafuta, aliona haina kazi tena, mzee ameshamaliza kila kitu. Alisimama, akatoa bakuli kikapuni, akaliweka mezani, akachukua kifuniko na kukiweka juu yake. Kikakaa. Watu wote walilijua bakuli lile, walilibeba, walilipakulia, na kuna bibi mmoja wa kitengo cha kufulia nguo aliyeanza kufuta macho.

Mpishi Mkuu ndiye aliyelipuka. "Miaka thelathini!" alinguruma. "Miaka thelathini nimemwambia mkoba ukaguliwe! Mimi! Kwa maneno yako wewe! Jiuzulu! Aondoke kwenye kiti!" Akamgeukia Kigae, sauti ikashuka ghafla. "Dada, mimi... unisamehe. Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa," alisema Kigae. "Nimekusikia. Na mzee nimemsikia. Mwacheni anywe chai, miguu inamtetemeka."

Binti akamsogezea babake kiti, si kile cha mwenyekiti, cha pembeni. Mzee akashika kikombe kwa mikono miwili. Kigae alivuta kiti chake karibu naye, akatoa mkobani daftari la mraba na kipande cha penseli, akalamba ncha.

"Sasa," alisema, "wewe ndiye uliyegawa ile seti hoteli ilipobadilika. Na wewe husahau, nakujua. Sahani za kina zimebaki saba sijaziona. Vibirika vya mchuzi vilikuwa sita, mimi nina viwili. Vinne viko wapi?"

Mzee akamtazama kama mtu aliyengoja kofi akaletewa kazi. Mgongo wake ukanyooka kidogo.

"Sahani za kina saba alichukua dereva wa meneja," alisema. "Mke wake ana duka la maua, nyuma ya posta ya zamani."

"Posta ya zamani," Kigae aliandika. "Vibirika?"

"Kimoja kilivunjika kweli, vigae nilivihesabu mwenyewe. Vitatu..." Mzee akapiga funda la chai, akatazama upande wa pili wa chumba. "Vitatu viliondoka kabla hata ya ugawaji."

Upande ule wa chumba, Mpishi Mkuu alikuwa amesimama, anatafuta kofia yake kwa haraka sana.

"Kaa chini," alisema Kigae.